Pumzi ya Baba Yako Kwenye Kanda

Rahma mwanangu,

Salamu za kuagana nitakupa kwa mkono wangu kesho bandarini Mkoani, inshaallah, kwa hiyo humu sizitii. Nakuandikia sasa, baada ya alasiri, kwa kuwa umekwenda Pujini na baba yako kuwaaga shangazi zako na nyumba imenyamaza. Nguo umeshafunga, chakula cha njiani tumeshakizungumza, na namna ya kuishi na watu bwenini umeshaambiwa na kila jirani aliyepita hapa wiki hii. Hayo nayaacha. Nataka kukupa habari za tepu.

Tangu uliponiomba uende nayo Unguja, ukazihamishie zile kanda kwenye kompyuta ya chuo, nimekuwa nikikujibu "tutaona". Usidhani nilikuwa nakunyima. Nimeshaifunga kwa shuka kuukuu, iko chini ya kitanda changu, utaichukua. Lakini wewe unaijua kama sanduku la rangi ya fedha lililokuwa juu ya kabati, lenye kifuniko kilichofungwa uzi. Hujui imefanya nini katika nyumba hii. Mara nyingi nimetaka kukusimulia, na kila nikianza hunijia ule mshangao wa siku zile, nikakosa pa kushikia.

Baba yako aliileta likizo yake ya kwanza alipotoka Maskati. Kazi yake ilikuwa kwenye shamba la mitende, mbali na mji, na simu huko hakuna. Barua hapendi kuandika, unamjua. Na bibi yako, Bi Mize, alikuwa anasoma msahafu wake vizuri lakini barua ya mtu ilikuwa lazima asomewe. Basi tukawa tunazungumza kwa kanda. Yeye anajirekodi huko, anampa msafiri anayekuja Pemba. Sisi tunajirekodi hapa, tunampa anayekwenda. Upande wa kwanza ulikuwa wa nyumba nzima na majirani. Upande wa pili ulikuwa wangu mimi. Huo nilikuwa nausikiliza peke yangu, mlango umefungwa, sauti nimeiteremsha, sikio kwenye spika. Nimeutia alama ya hina kanda kwa kanda, na wewe usiuhamishe. Baki na upande wa kwanza.

Bibi yako, kabla hatujabonyeza kitufe, alikuwa anajifunga ushungi vizuri na kukaa sawa, kwa sababu mwanawe anataka kuzungumza. Baba yako akitoa salamu ndani ya tepu, yeye huitikia. Lakini tukimwambia naye aseme neno tumpelekee, alikataa katakata. Alisema hana mazungumzo na sanduku, Salim akirudi atamwambia mwenyewe.

Sasa sikiliza. Ulikuwa na miaka kama mitano. Ilikuwa ule wakati wa mambo ya vyama, uchaguzi umepita lakini watu bado hawajapoa, huyu haendi kwenye maziko ya yule, duka la fulani halinunuliwi hata chumvi. Ikaja kanda. Tukakusanyika ukumbini siku ya Ijumaa, wanaume wametoka msikitini. Ami yako Hamadi akabonyeza. Ikatoka sauti nzito, inajiburura, kila neno linakuja kama linapandishwa mlima. Ilikuwa ya baba yako na haikuwa yake.

Ami yako akadhani betri. Betri zikichoka sauti huwa hivyo, hilo hata sisi tulilijua. Akatia mpya. Sauti ikabaki vile vile. Bibi yako akaweka mkono kifuani, akasema, "Mwanangu anaumwa." Hapana aliyembishia, maana sote tulisikia.

Siku zile hakula. Uji nilimpelekea, jioni naukuta ulivyokuwa, umeshika utando. Ami yako akapata msafiri wa kwenda Maskati wiki ile, akapanga kumtuma ujumbe kwamba Salim aache kila kitu arudi. Na kwa kazi ile, mtu akiondoka kabla ya mkataba wake hapokelewi tena. Nilijua hivyo, lakini nani atazungumza habari ya kazi mbele ya mama asiyekula?

Mimi nilifunga mlango nikausikiliza upande wangu. Sauti ilikuwa ile ile ya kujiburura. Lakini maneno, mwanangu, hayakuwa ya mgonjwa. Alinisimulia punda aliyeingia jikoni kwao akala mkate wote, akacheka. Na kicheko nacho kikajiburura, kirefu, kizito, mpaka kikatisha. Nikajiuliza, mgonjwa gani huyu anayecheka muda wote huu?

Nikatoa kanda ile nikatia nyengine, ya Ramadhani iliyopita, tuliyokurekodi wewe unasoma Alhamdu ili baba yako asikie, naye akaturudishia tuiweke. Ikatoka sauti ya mzee. Mzee mkongwe, amechoka, anasoma Alhamdu kwa taabu. Ulikuwa unacheza uani, ukaja mbio ukaniuliza, "Mama, babu gani huyo?" Nilikaa chini sakafuni. Nilicheka nikalia, na wewe ukacheka kwa kuniona nacheka, hujui kitu. Baba yako alikuwa mzima. Iliyokuwa inaumwa ni tepu.

Nikamwendea bibi yako mbio. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na kama wanaumwa wote wawili?"

Ikawa hapana njia ila tepu itengenezwe kabla ya msafiri kuondoka. Niliifungua kwa bisibisi ya cherehani. Sikuwa najua chochote. Nikaona mpira mwembamba mweusi unaozungushwa na mota, na mpira ule ndio unaozungusha gurudumu linalovuta kanda. Ulikuwa unateleza na kulia. Nikafanya nilivyokuwa nafanya kwenye cherehani, nikatia mafuta. Ya nazi. Baada ya hapo wewe hukusikika tena hata kama mzee, ulisikika kama ng'ombe.

Fundi wa redio alikuwa mmoja tu huku kwetu, Makame, mwenye kibanda Mtambile kando ya barabara. Na Makame alikuwa wa upande ule, wa chama kile kingine. Ami yako alishasema mtu wa nyumba hii asikanyage pale. Na hata asingesema, kulikuwa na zile kanda zangu. Fundi akitengeneza tepu huijaribu, na mimi sikuwa tayari mwanamume mwengine asikie nilivyoitwa na mume wangu. Basi tepu niliiacha nyumbani. Niliuchomoa ule mpira, nikaufunga kwenye pembe ya kanga, nikavaa buibui nikaenda zangu Mtambile kama mtu anayetafuta vitunguu.

Niliposimama mbele ya kibanda, Makame aliangalia kushoto na kulia kabla ya kuitikia salamu yangu. Si kwa kuniogopa mimi, aliniogopea. Nikampa mpira. Akauvuta baina ya vidole viwili, akaunusa.

Akaniuliza kwa upole kama ni mafuta ya nazi. Nikainamisha macho. Hakucheka. Alinieleza kwamba mpira hulegea kwa joto na umri, ukilegea mwendo wa kanda unapungua, na mwendo ukipungua sauti inakuwa nzito. Mafuta huumaliza kabisa. Akatafuta mpya ndani ya kopo la maziwa, akaupima juu ya wa zamani. Akanichorea kwa chaki juu ya meza unavyopita. Akanipa spiriti kidogo ndani ya chupa ya dawa, akanambia nifute kila pahala utepe unapopita, hasa kile kijigurudumu cheusi kinachoubana. Mwisho akanionyesha, ndani ya tepu mbovu iliyokuwapo pale, hedi yenyewe, kile kibati kidogo kinachong'aa ambacho utepe unajisugua mbele yake, na skurubu ndogo ubavuni mwake. Akasema skurubu ile nisiizungushe, niiguse tu, na nisitafute sauti kubwa. Nisikilize "sa" na "shi". Zikiwa kali, nimefika.

Nilipokuwa naondoka akaniuliza, "Na Salim mwenyewe vipi hali yake? Tumesikia anaumwa." Yeye na baba yako walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni. Nilimwambia namuombea awe mzima. Akasema naye anaomba hivyo hivyo, akageuka akaendelea na kazi yake.

Nilifika nyumbani nikafunga mlango. Nilifuta mafuta, nikapitisha mpira kama ulivyochorwa, nikatia kanda ya baba yako. Sauti ikatoka yake, ya mwendo wake, ila kama mtu anayezungumza nyuma ya pazia zito. Nikaigusa ile skurubu. Nikaigusa tena, chini ya upana wa unywele. Na pazia likaondoka. Rahma, alikuwa chumbani. Nilisikia ulimi wake unavyogusa meno. Nilisikia jogoo wa huko Maskati anawika mbali nyuma yake, jogoo ambaye sikuwahi kujua kuwa yumo ndani ya kanda ile.

Nilizima, nikaitoa kanda, nikauvuta utepe kidogo nikaushika kwenye mwanga wa dirisha. Nilitazama upande huu na upande ule. Rangi yake ni ya kutu, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Nilitafuta mkwaruzo, nukta, chochote. Hapana kitu. Mwanamume mzima yumo mle na kicheko chake na jogoo wa jirani yake, na jicho halioni hata doa. Nilisema subhanallah kwa sauti, peke yangu.

Bibi yako alisikiliza upande wa kwanza mara mbili. Kisha akaomba uji. Msafiri akaondoka bila ule ujumbe.

Watu walimtania sana bibi yako baada ya hapo, kwamba alimuuguza mtoto kwa ajili ya mpira. Naye alikuwa anacheka nao. Mimi nikawa fundi wa nyumba. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, kwa sababu mtu akishajua kutengeneza kitu kimoja huanza kuona kila jambo ni kitu kile.

Ulikuwa umeshaingia skuli, unajua kusoma, ilipokuja kanda nyengine. Nilikuwa nimeisafisha hedi kabla yake, nimebadilisha mpira, tepu iko sawa kuliko siku aliyoileta baba yako. Tukasikiliza. Sauti nzuri, nyepesi, yenye furaha. Aliuliza karafuu zimezaa vipi, akakuuliza wewe umefika sura gani. Kanda ilipokwisha watu wakaondoka, bibi yako akabaki amekaa pale pale.

Akaniomba niirudishe mwanzo. Nikarudisha. Akaniomba tena. Kisha akasema, "Salim anaumwa."

Nilitabasamu, Mungu anisamehe. Nikaenda kuchukua bisibisi. Nilitazama betri, nikatazama mpira, nikafuta hedi ambayo haikuwa chafu, nikatia kanda yako ya Alhamdu ukasoma safi kama kengele. Nikarudi nikamwambia kwa adabu, "Mama, tepu nzima, nimeikagua yote."

Akanitazama kama mtu anayengoja mtoto amalize kuzungumza. Akasema, "Sikusema tepu mie. Nimesema Salim."

Akanikalisha karibu na spika, akanambia niyaache maneno. Sikuelewa. Nitayaachaje maneno, na ndiyo yaliyotumwa? Akasema, "Sikiliza anapovuta pumzi." Nikaweka sikio. Na nikaisikia, mwanangu. Baba yako alikuwa na desturi ya kuwasalimia majirani wote jina kwa jina, mfululizo, kama anayesoma uradi, na huvuta pumzi moja tu katikati. Safari hii alitaja majina mawili, akavuta pumzi. Mawili, akavuta. Na pumzi yenyewe fupi, ya juu juu, inaishia kooni. Nikatia kanda ya mwaka uliotangulia tufananishe. Ilikuwa kama watu wawili tofauti.

Miaka yote ile nilikuwa napigana na kelele za tepu ili nipate maneno. Hewa ile baina ya maneno nilikuwa naihesabu katika kelele. Mama yake, asiyejua hedi ni nini, alikuwa anasikiliza pale pale.

Nikamuuliza tufanye nini. Akajifunga ushungi, akakaa sawa, akanambia nitie kanda mpya nibonyeze hicho cha kurekodia. Nikabonyeza. Hakusalimia, hakutaja jirani hata mmoja. Alisema, "Salim, nakusikia unavyovuta pumzi. Nenda spitali." Akanyamaza. Kanda ikawa inazunguka, yeye anaitazama tu inavyozunguka, nami sikuthubutu kuizima. Kisha akainuka akaenda kutia udhu.

Baba yako hupenda kuyasimulia yaliyobaki kama mzaha, lakini mara ya kwanza aliponisimulia mimi hakucheka. Alikuwa anaumwa muda mrefu. Hawezi kupanda ngazi wala mtende, usiku analala ameketi. Alituficha. Ile kanda aliirekodi siku nzima: anasema maneno machache, kikohozi kikimjia anazima, anakohoa, anakunywa maji, anawasha tena. Vikohozi vyote aliviacha nje ya kanda. Akaisikiliza mwanzo mpaka mwisho akaridhika kuwa hapana atakayejua. Kisha ikamfikia sauti ya mama yake, ambayo hajaisikia tangu alipoondoka, inamwambia kile alichokificha. Alikwenda spitali asubuhi ile ile kwa gari ya maziwa, na daktari akamuuliza nani aliyemwambia aje, maana moyo umeshavimba na mapafu yana maji, angengoja zaidi asingefika kwa miguu yake.

Alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani moja kwa moja. Siku aliyofika unaikumbuka kwa zawadi. Mimi naikumbuka kwa bibi yako, aliyemgeuza mwanawe mbele ya watu, akaweka sikio mgongoni mwake juu ya shati, akasikiliza muda mrefu, watu wazima wote wamesimama. Kisha akamwachia akasema apewe chakula. Na wiki ile ile baba yako alikwenda Mtambile mchana kweupe, akakaa kibandani kwa Makame mpaka adhuhuri. Ami yako alinuna siku nyingi, halafu naye redio yake ikaharibika.

Ile kanda ya bibi yako baba yako alirudi nayo mfukoni. Hatukumrekodi tena kamwe, hakukubali. Sasa Bi Mize yuko kaburini, na sauti yake duniani ni ile tu, maneno machache na kimya kirefu. Ni ile yenye ganda jeupe. Vile vibanzi viwili vya nyuma nimevivunja ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Usiitangulize. Anza na kanda tupu, iache tepu izunguke ipate joto, uone kama inautafuna utepe. Ikitafuna, usivute. Zima, toa waya wa umeme, uurudishe kwa kidole polepole kama unavyotoa mwiba. Mpira wa akiba nimekufungia kwenye karatasi. Spiriti utanunua. Mafuta ya nazi yatie kichwani kwako.

Na jambo moja ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ulinambia kompyuta ina njia ya kuondoa kelele, kwamba itasafisha kila kitu pabaki maneno matupu. Nakuomba usiruhusu. Iache kanda kama ilivyo, na mvumo wake, na jogoo wake, na hewa yake. Mashine haitajua ipi ni kelele na ipi ni baba yako. Hata mimi sikujua, nami nilikuwa mkewe.

Mengine sina ya kukufundisha. Utakutana na watu huko wenye maneno mazuri sana, na utakutana na wasiojua kusema. Na wewe mwenyewe utanipigia simu siku fulani uniambie hujambo, huku umeshazima mara kadhaa ukakohoa. Nipigie hivyo hivyo.

Nakusikia njiani unaamkiana na watu, wewe na baba yako mnakuja, unasema naye jambo linalokuchekesha. Nimeiweka kalamu kidogo nisikilize.

Mamako,
Asha